Gari iliingia mara mbili, kamera ikahesabu mara moja: jibu kwa msomaji wa Wete

Swali: "Assalamu alaykum wakili. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Wete. Mwezi huu wa Mei mimi na mke wangu tulikuwa Leicester, Uingereza, kwa binti yetu. Jumamosi ya tarehe 3 niliendesha gari yake kwenda supamaketi asubuhi, tukarudi nyumbani, kisha mchana tukaenda tena kwa sababu kuna vitu tulivisahau. Sasa binti yangu amepokea barua ya tarehe 12 Mei kutoka kampuni ya maegesho. Inasema gari ilikaa hapo saa nne na dakika 11, wakati ruhusa ni saa mbili, na anatakiwa kulipa pauni 100, au pauni 60 akilipa ndani ya siku 14. Wenzake wanamwambia aitupe. Mimi nataka kuwaandikia kampuni kuwa ni mimi niliyeendesha na mwanangu hana kosa. Je, nifanye hivyo? Nachelea mambo mawili: kunyimwa viza siku nyingine, na kuondoka duniani nikiwa na deni la watu."

Jibu: Waalaykumu salaam, mwalimu wangu. Kwa kuwa siku zinakwenda, nitatanguliza la kufanya, kisha nieleze sababu zake. Barua hiyo isitupwe, fedha zisilipwe kwa sasa, na wewe usiiandikie kampuni bado. Binti yako aandike rufaa kwa kampuni hiyo, kwa jina lake kama mtu ambaye gari imesajiliwa kwake, kabla ya tarehe 9 Juni, ambayo ndiyo siku ya 28 tangu tarehe ya barua. Ndani yake aeleze jambo moja kubwa: kwamba gari iliingia na kutoka mara mbili siku ile, na kwamba kila safari ilikuwa ndani ya saa mbili. Jambo hili likithibitika, madai yote yanaanguka, na hakuna haja ya kubishana juu ya jingine lolote.

Kwanza tujue barua hiyo ni kitu gani. Sisi huku tumezoea kuwa ada ya kuegesha gari mjini ni jambo la Baraza la Manispaa, na ndiyo maana wengi wetu tukiona karatasi yenye picha ya gari, nambari yake na kiasi cha fedha, tunadhani ni faini ya serikali. Uingereza zipo karatasi za namna mbili, na zote hufupishwa kwa herufi zilezile za PCN. Iliyoandikwa "Penalty Charge Notice" hutolewa na baraza la mji kwa nguvu ya sheria za barabarani. Iliyoandikwa "Parking Charge Notice" ni dai la kampuni binafsi linalotokana na mkataba, na mara nyingi supamaketi yenyewe haina mkono katika kuliandika. Imeikabidhi kampuni hiyo kazi ya kusimamia uwanja wake. Kwa maelezo uliyonipa, yenu ni hiyo ya pili. Si faini, si kosa la jinai, na polisi hawahusiki nayo. Kampuni iliijua anwani ya binti yako kwa kuinunua taarifa hiyo kutoka DVLA, mamlaka inayosajili magari huko, kwa ada ya pauni 2.50, na hilo sheria inaliruhusu iwapo pana sababu ya msingi.

Mkataba umetoka wapi, nawe hukutia saini popote? Umetoka katika mabango. Kama vile mtu anayepanda daladala anavyokubali nauli kwa kitendo cha kupanda, ndivyo sheria ya Uingereza inavyomhesabu anayeegesha gari mbele ya bango linalosomeka kuwa amekubali masharti yaliyoandikwa humo. Zamani watu wengi walikuwa wakitetea kwamba kiasi kinachodaiwa ni kikubwa mno kuliko hasara halisi, na kwamba kwa hiyo ni adhabu isiyokubalika katika mikataba. Utetezi huo ulifungwa mlango tarehe 4 Novemba 2015, pale Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua kesi baina ya kampuni ya ParkingEye na Bwana Beavis. Bwana huyo aliegesha gari katika uwanja wa maduka mjini Chelmsford, ambako ruhusa ilikuwa saa mbili bila malipo, akazidisha dakika 56, akadaiwa pauni 85. Mahakama ilisema kuwa kampuni na mwenye uwanja wana maslahi halali ya kuhakikisha nafasi zinapatikana kwa wateja wengine, na kwamba, kwa kuwa mabango yalikuwa makubwa, mengi na yanayosomeka, kiasi kile hakikupindukia mpaka. Nakuomba mweleze binti yako hukumu hii, kwa sababu wale wanaomwambia aitupe barua wanashika ushauri wa miaka ya nyuma. Leo dai la namna hii linaweza kufikishwa mahakamani, na kampuni zinafanya hivyo kwa wingi.

Lakini hukumu ile haiwagusi nyinyi, na hapa ndipo ilipo nguvu yenu. Bwana Beavis alikubali kuwa alizidisha muda. Nyinyi hamkuzidisha. Anayesema gari iliingia mara mbili haombi huruma wala hapingi ukubwa wa kiasi. Anasema sharti la mkataba lilitimizwa, basi hakuna kilichovunjwa cha kudaiwa.

Kosa lenyewe linatokea hivi. Kamera iliyopo mlangoni husoma nambari ya gari inapoingia na inapotoka, kisha programu huoanisha picha ya kuingia na picha ya kutoka na kuhesabu muda uliopita kati yake. Ikiwa gari ilitoka mara ya kwanza ikiwa imefuatana mno na lori, au mwanga wa jua uliipiga namba, au gari nyingine ilipita mbele ya kamera wakati huohuo, picha ile ya kutoka haisomwi; na ikiwa hata ile ya kuingia mara ya pili haikusomwa, programu inabakiwa na picha mbili tu, ya kuingia asubuhi na ya kutoka mchana, ikaziunganisha kana kwamba gari haikuondoka. Kosa hili linajulikana sana katika kazi hii. Kanuni za pamoja za vyama viwili vya kampuni za maegesho, zilizoanza kutumika Oktoba 2024, zinazitaka kampuni ziwe na mtu wa kukagua picha kabla ya kutoa dai, ili makosa kama hayo yagunduliwe. Kwa hiyo binti yako hatakuwa analeta kisa cha ajabu ambacho mtu wa rufaa hajawahi kukisikia.

Ugumu uko katika ushahidi, na hapa nataka twende polepole, maana watu wengi wenye haki hupoteza rufaa kwa kuleta ushahidi usiothibitisha kile wanachokidai. Katika maelezo yako mengine, nje ya swali hapo juu, unaniambia kuwa mke wako anayo risiti ya mchana katika mkoba wake hapo Wete, iliyopigwa saa 7:44, na kwamba ya asubuhi, ya saa 4:19, mlilipa fedha taslimu lakini mlipitisha kadi ya mteja ya binti yenu, hivyo inaonekana katika programu ya supamaketi kwenye simu yake. Risiti zote mbili ni muhimu na zote ziambatanishwe. Hata hivyo, tazama kwa jicho la yule atakayezisoma: kamera inasema gari iliingia saa 3:41 asubuhi na kutoka saa 7:52 mchana, na risiti zote mbili zimo ndani ya muda huo. Mtu aliyekaa hapo mchana kutwa, akanunua asubuhi na akanunua tena kabla ya kuondoka, naye angekuwa na risiti hizohizo. Kwa hiyo risiti peke yake zinaonyesha kuwa mlikuwa wateja wa kweli, jambo ambalo litasaidia kwa meneja wa supamaketi, lakini hazionyeshi kuwa gari iliondoka.

Kinachohitajika ni ushahidi wa kile kipindi cha katikati, tuseme kuanzia saa 4:30 hadi saa 7:15, unaoiweka gari mahali pengine. Mwulize binti yako kama mlango wa nyumba yake una kengele ya kamera. Nyumba nyingi za huko zinazo, na picha moja ya wewe na mama watoto mkishusha mifuko, ikiwa na saa na tarehe, inatosha kuimaliza kesi. Picha za namna hiyo hujifuta zenyewe baada ya muda, hivyo azitafute leo. Angalia pia simu yako mwenyewe: ikiwa huduma ya kuhifadhi mahali ulipopita ilikuwa imewashwa, safari za siku ile zitaonekana, kwenda, kurudi, na kwenda tena. Ikiwa mlipiga picha za nyumbani saa hizo, au mlizungumza na watu wa Pemba kwa simu ya picha mkiwa sebuleni, nazo zina saa. Jirani aliyeiona gari nje ya nyumba anaweza kuandika maelezo mafupi na kutia saini. Na itazameni risiti ya asubuhi ilikuwa na nini: kama mlinunua kuku na samaki wa barafu, semeni hivyo kwenye rufaa, kwa kuwa mtu mwenye akili zake haachi samaki wa barafu ndani ya buti kwa saa tatu. Si uthibitisho kamili, lakini ni jambo ambalo msomaji mwadilifu atalipima.

Upo ushahidi mwingine ambao uko mikononi mwa kampuni yenyewe. Sheria ya Uingereza ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2018 inampa binti yako haki ya kuitaka kampuni impe taarifa zote inazozihifadhi zinazomhusu, pamoja na kila picha ya nambari ya gari yake iliyopigwa siku ile, hata zile ambazo programu haikuziunganisha na kitu. Ombi hilo halina malipo, na kampuni inapaswa kulijibu ndani ya mwezi mmoja. Aliandike kwa barua tofauti na rufaa, kwa anwani ya afisa wa taarifa binafsi inayopatikana kwenye tovuti ya kampuni, na alipeleke siku hiyohiyo anayopeleka rufaa. Asisubiri majibu yake ndipo akate rufaa, maana mwezi huo utamvusha tarehe ya mwisho. Mara nyingine picha iliyopotea ya kutoka asubuhi hupatikana kwa njia hii, na ikipatikana hakuna tena la kuzungumza.

Kuna jambo moja nalitaka mlihakikishe kabla ya kuandika. Baadhi ya viwanja vya supamaketi vina sharti la kutorudi ndani ya muda fulani, kwa mfano saa mbili, baada ya kuondoka. Binti yako aende akapige picha mabango, ya mlangoni na ya ndani, asome kila mstari. Kwa saa ulizonipa, nyinyi mlirudi baada ya kiasi cha saa tatu, kwa hiyo sharti la saa mbili halitawadhuru. Lakini ni vizuri kulijua kabla ya kampuni kulitaja. Na hata likiwapo sharti la muda mrefu zaidi, barua inawadai kwa kuzidisha muda, si kwa kurudi mapema, na dai linapaswa kusimama kwa sababu iliyoandikwa humo.

Sasa nije kwenye nafasi ya binti yako. Yeye hakuwa ndani ya gari, kwa nini adaiwe? Kwa England na Wales, sheria ya mwaka 2012 iitwayo Protection of Freedoms Act, katika jedwali lake la nne, inairuhusu kampuni kumdai mtu ambaye gari imesajiliwa kwake, ikiwa haimjui dereva na ikiwa imefuata utaratibu kwa ukamilifu. Sheria hiyohiyo, niseme kwa kupita, ndiyo iliyopiga marufuku kufunga minyororo kwenye magurudumu ya magari katika viwanja binafsi, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2012, na ni ulinzi mkubwa kwa raia kuliko wengi wanavyojua. Utaratibu wenyewe, pale ambapo hakuna karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha gari, unataka barua imfikie mwenye gari ndani ya siku 14 zinazoanza siku ya pili yake baada ya gari kuegeshwa. Nimezihesabu zenu. Gari iliegeshwa tarehe 3, hivyo siku zinaanza tarehe 4 na kumalizika tarehe 17 Mei. Barua ikiwa ilitiwa posta Jumatatu ya tarehe 12, sheria inaichukulia kuwa imefika siku ya pili ya kazi baada ya hapo, yaani Jumatano ya tarehe 14. Imewahi. Nimelazimika kulisema hili wazi kwa sababu mtu anaweza kumshauri binti yako aegemee kwenye kuchelewa kwa barua, na hapo atapoteza nguvu zake bure. Asome tu kama barua inataja kipindi cha kuegesha, kama inamtaka amtaje dereva au amkabidhi barua hiyo, na kama inamwonya kwamba baada ya siku 28 anaweza kudaiwa yeye. Kikikosekana kimoja katika hivyo, akitaje katika rufaa kama hoja ya pili.

Tukija kwenye nia yako ya kuandika mwenyewe, mwalimu, naielewa na naiheshimu. Mzazi hapendi mwanawe abebeshwe jambo alilolifanya yeye. Na kisheria njia hiyo ipo. Sheria inasema kampuni ikishapewa jina la dereva pamoja na anwani ambayo anaishi au anaweza kupatikana kwa wepesi, haiwezi tena kumdai mwenye gari kwa sheria ile, na anwani hiyo haikufungwa kuwa lazima iwe ya Uingereza. Mlango huo uko wazi mpaka pale kampuni itakapofungua kesi dhidi ya binti yako. Lakini sikushauri uanze nao. Kumtaja dereva hakufuti dai. Kunalihamisha tu kutoka Leicester hadi Wete, na wewe umeniambia kinachokukosesha raha ni kubaki na dai lisilojulikana mwisho wake. Rufaa ya kweli ikikubaliwa inalifuta kwa nyote wawili. Zaidi ya hayo, kuandika kwa uchungu "ni mimi, mwanangu hana kosa" kunasomeka kama kukiri kuwa kosa lipo, nawe hukutenda kosa. Kwa hiyo mlango huo tuuhifadhi.

Wala binti yako hatakuwa amesema uongo kwa kuandika kama mwenye gari bila ya kumtaja aliyeendesha. Katika dai la kampuni binafsi hakuna sheria inayomlazimisha kumtaja, tofauti na pale anapoulizwa na polisi kuhusu kosa la barabarani, ambapo kunyamaza ni kosa. Aandike "gari iliingia" na "gari ilitoka", aeleze yaliyotokea kama yalivyotokea, asiongeze na asipunguze. Kama hataki njia hiyo kwa sababu ya dhamira yake, na amtaje; ni haki yake, na hoja ya safari mbili itabaki na nguvu ileile mikononi mwako.

Kabla hata ya rufaa, au siku hiyohiyo, aende supamaketi akaonane na meneja, akiwa na risiti zote mbili na nakala ya barua. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote na watu wengi huiruka. Supamaketi ndiyo iliyoileta kampuni uwanjani pake, haipendi mteja aliyenunua mara mbili kwa siku moja asumbuliwe, na mameneja wengi wana uwezo wa kuiagiza kampuni ifute dai. Azungumze kwa upole, aombe jibu kwa maandishi, na kama meneja atasema jambo hilo haliko mikononi mwake, apeleke ombi hilohilo kwa huduma kwa wateja ya makao makuu. Mazungumzo na supamaketi hayasimamishi siku za rufaa. Aendelee na yote kwa pamoja.

Rufaa yenyewe isiwe ndefu. Ianze kwa nambari ya dai na nambari ya gari, iseme kuwa anaandika kama mwenye gari aliyesajiliwa na kwamba anapinga dai. Ifuate aya moja ya matukio: gari iliingia takriban saa fulani na kutoka takriban saa fulani, ikawa nyumbani kwa kipindi kile, ikarudi na kutoka tena. Saa ziandikwe kwa mtindo wa kule, 10:19 na 13:44, zisije zikachanganywa na saa zetu. Kisha orodha ya viambatanisho. Kisha aitake kampuni itoe picha zote za nambari hiyo kwa siku ile na ieleze ni mtu gani aliyezikagua. Mwisho aseme kwamba, ikikataa, impe nambari ya kukata rufaa kwa chombo huru. Matusi, vitisho na hadithi za jinsi kampuni zinavyowaonea watu viachwe kabisa. Kama afya ya magoti ya mama watoto iliwachelewesha hata dakika chache katika safari mojawapo, na litajwe, kwa sababu sheria ya usawa ya mwaka 2010 inawataka watoa huduma kuwazingatia wenye ulemavu; lakini kwa muda mliotumia sioni kama mtalihitaji.

Kampuni ikikataa, asishtuke, kwani ngazi ya kwanza hukataa mengi. Ikiwa ni mwanachama wa BPA, kimoja kati ya vile vyama viwili vya kampuni za maegesho, barua ya kukataa itakuja na nambari ya kukata rufaa POPLA, chombo huru cha rufaa kwa kampuni za chama hicho, na atakuwa na siku 28 za kuitumia. Ikiwa ni ya chama cha pili, IPC, chombo chake kinaitwa IAS. POPLA haitozi mlalamikaji kitu, na uamuzi wake unaifunga kampuni bila ya kumfunga yeye. Hapo pia anaweza kuitaka kampuni ithibitishe kwamba ina mamlaka kutoka kwa mwenye uwanja. Ajue tu kwamba akishafika hapo ile nafasi ya kulipa pauni 60 huwa imeondoka, na akishindwa kinachodaiwa ni pauni 100. Kwa ushahidi wa kengele ya mlangoni, au wa simu, ningekwenda bila ya kusita. Kwa risiti mbili peke yake ningekwenda pia, lakini kwa kujua kuwa matokeo hayana uhakika.

Baada ya ngazi hiyo kuna barua ambazo huwatia watu khofu. Wakusanya madeni huandika kwa wino mwekundu, wakaongeza pauni 70 na kufanya dai kuwa pauni 170. Hawana uwezo wa kuingia nyumbani wala kuchukua kitu. Hao si madalali wa mahakama, na dalali wa mahakama haji bila ya hukumu. Kwa mwenye gari anayedaiwa kwa sheria ya 2012, kiwango cha juu kinachoweza kudaiwa ni kile kilichotajwa katika barua ya kwanza, kwa hiyo nyongeza hiyo ina jibu lake. Barua mbili tu ndizo zisizoruhusiwa kukaa mezani. Moja ni ile ya tahadhari ya kufungua kesi, inayompa siku 30 za kujibu, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya kuutumia ule mlango wa kukutaja wewe. Ya pili ni fomu ya madai kutoka mahakamani, ambayo lazima athibitishe kuipokea ndani ya siku 14, na akithibitisha anapata jumla ya siku 28 za kuleta utetezi. Asipojibu, hukumu hutolewa bila ya kusikilizwa, na isipolipwa ndani ya mwezi mmoja hukaa kwenye daftari la wadaiwa kwa miaka sita, ikamzuia kupata mkopo wa nyumba na pengine hata nyumba ya kupanga. Hiyo ndiyo hasara halisi ya ushauri wa kuitupa barua. Atakayekuwa ameijibu kila hatua hafiki huko, na hata akifika, kesi hizi husikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo, ambako anayeshindwa kwa kawaida habebeshwi gharama za mawakili wa upande wa pili isipokuwa kiasi kidogo kilichowekwa.

Kuhusu viza, ondoa wasiwasi. Fomu ya maombi ya Uingereza huuliza kama umewahi kutolewa hukumu ya mahakama ya madai, kwa mfano kwa kutolipa deni. Barua ya kampuni ya maegesho si hukumu, na kwa sasa haiko kwa jina lako. Ukiulizwa kwenye fomu, jibu lako la kweli ni kwamba huna hukumu.

Na kuhusu deni la watu, fatwa si fani yangu, na masheikh wa Wete hawapungukiwi na elimu ya kukujibu. La kisheria naweza kulisema. Mtu akidai, ni juu yake kuthibitisha, na kampuni hii inadai kwa sharti ambalo, kwa maelezo yako, hukulivunja. Uwanja ulikuwa wa bure kwa saa mbili, uliutumia mara mbili kwa muda mfupi, ukanunua bidhaa zao na ukazilipia. Lakini kaeni wewe na mama watoto mkumbuke vizuri siku ile. Iwapo mtakumbuka kwamba mara moja kati ya hizo mlikaa hapo kupita saa mbili na zile dakika 10 za ziada ambazo kanuni zinawapa madereva, niandikie tena kabla ya tarehe 9 Juni na rufaa isipelekwe kama nilivyoieleza, kwa sababu hapo nitakushauri mlipe. Kama kumbukumbu zenu ni hizo ulizonieleza, mpigie simu binti yako leo umwambie aanze na picha za kengele ya mlango, nawe uipige picha ile risiti ya saa 7:44 pande zote mbili umtumie, kwani karatasi hizo hufifia.